Kitenzi Kinachotaka Mtu

Msimu wa mapera ukifika, akina mama wa kutoka Meru huyamwaga juu ya magunia pale sokoni Isiolo, na kufikia saa nane mchana jua huwa limeyapika hadi soko zima linanukia. Juzi nilikuwa nimeenda kununua vitunguu. Harufu ile ikanikamata nikasimama katikati ya njia na kikapu mkononi, hata mwenye mkokoteni akanipigia kelele nimpishe. Mama muuza mapera akadhani nataka kununua, akaanza kunichagulia mazuri. Nikanunua. Ningemwelezaje kwamba mapera yake yalikuwa yamenirudisha barazani kwa Sista Lurdes, mahali mama yangu alipojifunzia Kireno, mwaka ule nilipojaribu kumzuia asisafiri kwa kutumia raba ya shule?

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi Bulla Pesa, nyumba ya vyumba viwili na kuku wasiosikia la mtu. Mama alikuwa muuguzi. Mkataba wake hospitalini ulikuwa umekwisha na haukuongezwa, na kwa miezi mingi sare yake nyeupe ilikuwa ikining'inia nyuma ya mlango, imepigwa pasi, haina mwendo. Baba alikuwa mnunuzi wa mbuzi. Alizunguka Ngaremara na Leparua na hadi kwao Kulamawe, akirudi nyumbani na vumbi kwenye nyusi, na kitu cha kwanza alichofanya akiingia ni kuitazama ile sare, kisha kumtazama Mama, kisha kuulizia chai.

Halafu ikaja barua. Hospitali moja kaskazini mwa Msumbiji ilikuwa inatafuta wauguzi, kazi ya miaka miwili. Lakini huko watu huongea Kireno, na kila muuguzi alitakiwa kujifunza kabla ya kwenda, kisha apeleke barua ya mtu anayeijua lugha hiyo, akithibitisha kwamba huyu anaweza kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi na akaelewa jibu. Haya yote mimi sikuambiwa. Nilichoambiwa ni kwamba Mama anaenda kujifunza lugha, nikaona ni jambo la kawaida, kama vile mama wa jirani alivyojifunza kushona.

Mtu mmoja tu tuliyemjua Isiolo nzima ndiye aliyeweza kusaidia. Sista Lurdes alitoka Brazili, na alikuwa akifundisha wasichana cherehani kule misheni. Alikuwa mfupi, mzee, na miguuni alivaa akala, viatu vya matairi, kama wachungaji wetu. Siku ya kwanza Mama alijifunga mtandio wake vizuri, akanishika mkono, na njiani akawa anajikumbusha kwa sauti ya chini kwamba huyu ni Mkristo, aanze na habari. Tulipofika mlangoni, Mama akasema, "Habari ya mchana, Sista," na wakati huohuo Sista akasema, "Salaam aleikum." Kila mmoja alikuwa amebeba salamu ya mwenzake. Wakaangaliana, wakacheka mpaka Sista akashika mlango asianguke.

Mama alipoeleza alichokuja kutafuta, Sista aliuachia mlango.

"Kireno?" akauliza. "Mimi hapa miaka mingi. Hakuna mtu ameuliza Kireno. Wote wanauliza cherehani."

"Mimi naomba Kireno, Sista."

"Utaanza lini?"

"Sista akipenda, hata leo."

"Basi kaa chini."

Hakutaka malipo. Alichotaka ni Mama amrekebishe Kiswahili chake. Ikawa mara tatu kwa wiki, baada ya sala ya alasiri, Mama anatoka na daftari lake na mimi namfuata nyuma. Sista alituweka barazani, chini ya bati lililokuwa likilia kwa joto, na kando yetu kwenye jiko la makaa kulikuwa na sufuria kubwa ya mapera na sukari. Alikuwa akiyachemsha saa nyingi, akikoroga kwa mwiko mrefu, hadi yawe mekundu na mazito, kisha anayamimina kwenye sinia yagande. Yakishapoa anayakata kwa kisu kama sabuni ya mche na kutupa kila mmoja kipande. Kwao Brazili hicho ndicho chakula cha watoto, alisema. Basi Kireno kiliniingia kikiwa kimepakwa sukari ile, na hadi leo siwezi kukisikia bila mate kujaa mdomoni.

Mimi Sista aliniita menina. "Menina, leta maji." "Menina, fukuza huyo kuku." Sikuuliza. Nilijua Wakristo wakibatizwa hupewa jina lingine, nikadhani na mtu akiingia katika lugha ngeni hupewa jina la huko. Nikalipokea jina langu jipya bila kumwambia Baba, nisije nikaulizwa maswali. Kwa hiyo Sista alipoandika sentensi ya kwanza kwenye daftari la Mama, *A menina come a banana*, mimi niliiona mara moja. Jina langu lilikuwa pale. Na nilijua Kiingereza cha darasa la nne, kwa hiyo lile neno *come* nikalisoma "kam", nikaelewa kwamba ninaitwa. Nikasimama, nikaenda hadi kwenye kiti cha Sista.

"Nini, menina?"

"Si umeniita?"

Mama alicheka hadi machozi. Sista akanieleza kwamba neno lile kwao husomwa "komi", na maana yake ni anakula. Msichana anakula ndizi. Lakini alivyoeleza, alisema, "Menina anakula ndizi," na mimi nikarudi kwenye mkeka nikiwa nimeridhika kabisa kwamba ni mimi ninayekula hiyo ndizi, ingawa sikuwa nimepewa.

Sista alikuwa na busara ya kutunga sentensi kutoka kwenye maisha yetu, ili Mama azishike haraka. Baba anauza mbuzi. Nyanya anangoja mvua. Muuguzi anaosha kidonda. Mama alikuwa akizirudia nyumbani akikanda unga wa chapati, akizitia wimbo, mikono ikifuata. Sikuwa nimewahi kumwona Mama akiwa mwanafunzi. Alikosea, akajipiga paji la uso, akaanza upya. Ile miezi ya sare kuning'inia ilikuwa imemkunja uso, sasa uso ukaanza kukunjuka. Hata kuku akawa anawafukuza kwa Kireno.

Jioni moja Baba alikuwa anavua viatu mlangoni, akamsikia akiimba *o pai vende a cabra*.

"Hiyo ni nini umesema?"

"Baba anauza mbuzi."

Baba akashika kiatu kimoja hewani. "Hata hao watu wa Kireno wamenijua?"

"Wamekujua."

"Basi waambie hii wiki mbuzi iko bei mbaya. Wangoje."

Alitania, lakini mimi sikujua ni utani. Baba kweli aliuza mbuzi. Akko, nyanya yangu wa Kulamawe, kweli alikuwa anangoja mvua, kila tukimpigia simu hilo ndilo alilolisema kwanza. Mama kweli alikuwa muuguzi. Nikakata shauri kwamba lile daftari linatujua, na kwamba kilichoandikwa mle ama kimekwisha kutokea, ama kiko njiani.

Kisha likaja somo la vitenzi. Siku hiyo upepo ulikuwa mkali, vumbi limejaa, na Sista alikuwa ameifunika sufuria kwa sinia. Akachukua pera moja bichi akaliweka mezani mbele yangu.

"*A menina come*," akasema, akanyamaza. Akaningoja. Nilipochoka kungoja nikauliza, "Anakula nini?"

Sista akapiga meza. "Ndiyo! Menina ameuliza vizuri! Anayekula, anakula kitu. Anayeuza, anauza kitu. Anayependa, anapenda mtu. Hiki kitenzi, ukisema peke yake, kina njaa. Unakiuliza: nini? Unakiuliza: nani? Kama kinajibu, basi kinataka kitu chake." Akanisukumia pera. "Sasa ngoja. *O menino dorme*. Mtoto analala. Uliza."

"Analala nini?" nikauliza, na sisi sote tukacheka, kwa sababu hata sikio lilikataa.

"Umeona? Hiki kimeshiba. Kinajitosha."

Mama aliandika haraka, kichwa kimeinama. Kisha akauliza, "Na kile kinachotaka kitu, nikisahau kukiwekea?"

"Haifanyi kazi," Sista akasema. "Sentensi inakufa."

Mama akamwambia kwamba kwa Kiswahili mambo ni tofauti kidogo. Sista alikuwa na tabia ya kusema "mimi naona wewe", na Mama akamrekebisha: sema nakuona. Yule mtu anaingia ndani kabisa, anakaa tumboni mwa kitenzi. Nakuona, anakuita, nimekuletea. Sista akairudia mara nyingi, akijigusa tumbo kila akifika kwenye ile *ku*, akifurahi kama mtoto aliyepewa peremende. Miaka mingi baadaye, mwalimu wetu wa sekondari aliandika ubaoni vitenzi elekezi na shamirisho, darasa zima likaguna, mimi peke yangu nikawa natabasamu kama mjinga. Nilikuwa nimeshavionja.

Sentensi iliyobadilisha mambo ilikuja wiki chache baadaye. Ilikuwa *A mãe deixa a menina com a avó*. Nililiona jina langu, nikaona na neno la nyanya ambalo nilikuwa nalijua kwa sababu ya mvua. Njiani kurudi nyumbani nikamuuliza Mama maana yake. Akalisukuma daftari kwapani.

"Mama anamwacha msichana kwa nyanya yake," akasema.

"Anaenda wapi?"

Akasimama. Kulikuwa na mwanamke aliyebeba mitungi ya maziwa ya ngamia anapita, wakasalimiana kwa Kiborana, na Mama akangoja afike mbali. Hapo ndipo aliponiambia. Msumbiji, miaka miwili, kama Sista akiandika ile barua. Nitakaa na Baba, na shule ikifungwa nitaenda kwa Akko Kulamawe. Alisema yote kwa utaratibu kama anayempa mgonjwa dawa na kumweleza vidonge vingapi, mara ngapi.

"Tulikuwa tunangoja tuone kama itatokea, ndio tukuambie," akasema. "Umesikia?"

"Nimesikia."

Sikulia. Nilikuwa nafikiria ile sentensi. Imeandikwa, nikawa najiambia. Imeandikwa na jina langu liko ndani.

Siku ya somo la mwisho ilipangwa. Sista angemsikiliza Mama akisoma na kueleza daftari lote, kisha aandike barua. Siku moja kabla, mchana, Mama alienda kwa jirani kuazima sufuria, na daftari lilikuwa juu ya kitanda. Lilikuwa limeandikwa kwa penseli kwa sababu Sista alisema anayejifunza lazima awe na ruhusa ya kufuta. Nikatoa raba yangu mkobani.

Nilianza na pale pa kumwacha msichana. Nikafuta *a menina* polepole, nikipuliza, hadi karatasi ikawa safi kabisa. Ile sentensi ikabaki na pengo katikati: Mama anaacha, halafu hakuna, kwa nyanya. Imekufa, nikafikiria. Kitenzi kina njaa na hakina mtu. Mama hawezi kwenda popote namna hiyo. Kisha nikaogopa kwamba nikifuta jina langu peke yake nitajulikana, kwa hiyo nikaenda ukurasa baada ya ukurasa nikifuta na vingine. Nikaifuta ndizi, nikamfuta mbuzi wa Baba, kidonda cha mgonjwa, na hata ile mvua ya Akko, ingawa kwa hiyo nilisita kidogo na kumwomba radhi. Wale waliolala na waliojitosha sikuwagusa. Nilipomaliza nilikuwa na makombo meusi ya raba kiganja kizima. Nikayarusha nje, kuku wakaja mbio, wakayadonoa.

Kesho yake nilitembea nyuma ya Mama nikiwa na moyo mwepesi kabisa. Hilo ndilo linalonishangaza hadi leo. Sikuona kama nimemkosea. Niliona nimeziba tundu.

Sista alikuwa ametandika kitambaa cheupe mezani kwa heshima ya siku hiyo. Mama akalifungua daftari, akavuta pumzi, akasoma, "*A menina come*..." na hapo akakwama. Akageuza ukurasa. Akageuza mwingine. Nikaona rangi inampotea usoni.

Sista akainamisha kichwa, akatazama. Kisha akacheka. "Ah! Wewe mwenyewe umeweka mashimo? Mtihani! Umejitungia mtihani! Vizuri sana. Jaza."

Mama hakusema kwamba si yeye. Alinitazama mara moja tu, haikuchukua muda, na mimi nikajua kwamba anajua. Akaanza kujaza kwa mdomo. Msichana anakula, anakula nini, ndizi. Baba anauza, mbuzi. Muuguzi anaosha, kidonda. Alivijua vyote bila kuangalia. Kila neno alilotaja lilitoka safi, kwa sauti ya muuguzi aliyeko kazini, na Sista akawa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, na ule mwiko wa mapera mkononi umesahaulika. Kazi yangu yote ya jana ikawa inarudi mahali pake neno kwa neno, na hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kwenda mbio.

Akafika kwenye ile sentensi.

"*A mãe deixa*," akasoma.

Kidole chake kikabaki pale kwenye pengo.

"Anaacha nani?" Sista akamsaidia. "Uliza kitenzi."

Mama alikuwa analijua lile neno. Alikuwa ameshalitaja mara kumi katika kurasa zilizopita. Akavuta ncha ya mtandio akajifuta chini ya macho kama vile ni jasho.

Sista akamtazama, akalitazama lile pengo, akapitisha kidole juu ya karatasi pale raba ilipokwaruza. Halafu akageuka akanitazama mimi.

"Ni wewe?" Mama akaniuliza ghafla, kwa ukali. "Ni wewe ulifanya hii kitu? Unajua hii siku ni siku gani kwangu?"

Sista akainua mkono. "*Deixa*," akamwambia Mama kwa upole. "*Deixa a menina falar*."

Nililipuka. Nililia kilio kilichowatoa wasichana wa cherehani darasani kuja kuona nani ameumia. "Hata Sista!" nikapiga kelele. "Hata Sista anakuambia uniache!"

"Hapana, hapana, hapana," Sista akasema, akipiga magoti mbele yangu na ule umri wake, mifupa ikilia. "Mimi sikusema hivyo. Mama, mwambie."

Mama alikuwa amenishika tayari. "Amesema nikuache useme. *Deixa*, ni kuacha, lakini ile nyingine. Acha mtoto aseme. Ameninyamazisha mimi, si wewe."

Sista akainua kichwa. "Kwa Kiswahili mnasema neno lilelile?"

"Lilelile. Kumwacha mtu ukaenda, ni kuacha. Kumwacha mtu aseme, ni kuacha."

"Ni moja!" Sista akasema, amesahau kidogo kwamba mimi nalia. "Kwetu pia ni moja! Kote kuwili!" Halafu akakumbuka, akanifuta uso kwa kile kitambaa cheupe cha heshima. "Sema, menina. Tunakusikiliza."

Nikasema. Nilisema kwa kwikwi, lakini nilisema yote. Kwamba jina langu liliandikwa. Kwamba Baba kweli anauza mbuzi na Akko kweli anangoja mvua, kwa hiyo na hili litakuwa kweli. Kwamba Sista mwenyewe alisema kitenzi kisipopewa mtu wake hakifanyi kazi, kwa hiyo nilitaka kisifanye kazi.

Hakuna aliyecheka. Sista akavuta kiti, akakaa chini polepole.

"Menina si jina lako," akasema. "Menina ni msichana. Msichana yeyote. Huyo pale mlangoni na cherehani, ni menina. Mimi, zamani sana, nilikuwa menina."

Sijui kama nilifarijika au niliibiwa. Nilikuwa nimelizoea lile jina. Nikauliza swali lililokuwa limebaki, "Na kurudi? Kurudi kunataka mtu?"

"*Voltar*," Sista akasema. Akafikiri kwa uaminifu, hakutaka kunidanganya hata kwa ajili ya kuninyamazisha. "Hapana. Kinajitosha."

"Kwa hiyo hakuna wa kumrudisha?"

"Hahitaji wa kumrudisha," Mama akasema. "Nitarudi mwenyewe. Nani ataweza kunizuia mimi nisirudi kwangu?"

Alisema kwa sauti ile aliyotumia kuwaambia kuku mambo, na kwa namna fulani nilimwamini.

Sista aliandika barua jioni ileile. Nyumbani Mama hakunipiga wala kunisemea kwa Baba. Alinikalisha mezani na kalamu ya wino, nikaandika sentensi zote upya, nikirudisha kila kilichofutwa. Nilipofika kwenye ile moja nikasita, naye akaniambia, "Hapo weka unachotaka." Nikafikiri sana. Nikaandika *a galinha*. Mama anaacha kuku kwa nyanya. Mama akaisoma akacheka hadi Baba akaja kuuliza ni nini, na alipoelezwa akasema hata yeye anakubali, hao kuku waende Kulamawe leo.

Mama aliondoka mwanzoni mwa mwaka. Siwezi kusema haikuuma. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikiamka natazama nyuma ya mlango, na pale palipokuwa na sare kulikuwa na msumari. Lakini nataka kusema ukweli wote, na ukweli ni kwamba ile miaka miwili ilikuwa na mambo mazuri mengi. Baba alijifunza kunisuka nywele, vibaya kwanza, kisha vizuri, akiniuliza habari za shule huku kitana kikiwa mdomoni. Likizo nilikuwa Kulamawe kwa Akko, nikinywa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi wa kibuyu, nikichunga ndama na binamu, na mvua aliyoingoja Akko ilikuja kweli, tukalala tumejibanza chini ya mikeka tukicheka kwa baridi. Siku za shule, alasiri, niliendelea kwenda kwa Sista. Alinifundisha Kireno na cherehani kwa pamoja, na ninavijua vyote viwili nusunusu.

Mama alipiga simu kila Ijumaa. Alituambia kwamba hospitalini wagonjwa humcheka, kwa sababu Kireno chake ni cha Brazili, na wao huko hukisikia kwenye michezo ya televisheni tu. Bibi mmoja mgonjwa alikuwa akimwomba aseme tu chochote, "bomba la sindano", "geuka upande", ili asikie nyota wa televisheni akimhudumia. Baba akawa analisimulia hilo sokoni kwa wauza mbuzi wenzake hadi wakachoka nalo.

Siku ya kurudi kwake, tulienda stendi ya basi mapema mno. Basi la Nairobi lilichelewa. Lilipoingia, Baba alikimbilia upande wa mizigo kuangalia mabegi, akaniambia nisimame mlangoni nisimkose. Watu wakashuka. Kisha akashuka yeye, amekonda, amejifunga kitambaa cha rangi nyingi ambacho sikukijua, na mkononi ameshika viatu vyake kwa sababu miguu ilikuwa imevimba safarini. Akaanza kuangalia huku na huku. Macho yake yalikuwa yamelenga chini, usawa wa kiuno, yakipita juu ya vichwa vya watoto waliokuwa wakiuza maji na njugu, mmoja baada ya mwingine. Akanitazama kifuani, akanipita.

"Mama," nikasema.

Akageuka. Bado alitazama chini kwanza, mahali alipokuwa ameniacha. Halafu macho yakaanza kupanda, polepole, mkono, bega, shingo, yakafika usoni pangu karibu sawa na uso wake. Viatu vikamdondoka.

"Wewe!" akasema. "Nani amekuambia ukue?"

"Hakuna," nikasema. "Nilikua tu."